Herufi Tano Kwenye Bawa

Ndege iliyo mezani kwangu ninapoandika haifiki shibiri kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya pili. Ukiiweka kiganjani unashangaa uzito wake: kitu kidogo, baridi, kizito kama jiwe la mizani. Ni ya rangi ya fedha, imebabuka mgongoni na kwenye kingo za mabawa, mahali ambapo vidole vya mtoto fulani vilipita mara elfu. Ina propela nne za bati jembamba, mbili kila upande, na zote bado zinazunguka ukizipuliza. Miguu haina. Tumbo lake limechongwa kama tumbo la mashua, na ukiipindua unaona katikati ya tumbo hilo kigurudumu kidogo kilichofichwa, ili ndege iteleze mezani kama vile inakata maji.

Juu ya mabawa zimepigwa herufi tano nyeusi: G-ADVB.

Niliinunua miaka mingi iliyopita nikiwa ugenini Uingereza, kwenye meza ya muuza vitu vya kale. Aliyekuwa amenisindikiza alishangaa mtu mzima kutoa pesa kwa mdoli wa mtoto. Mimi nilikuwa na sababu yangu. Nimekulia pwani, na utotoni tuliwasikia wazee wakisema kwamba zamani ndege zilikuwa zinatua baharini, zinaelea kama jahazi, kisha zinainuka na kwenda zao. Tukacheka. Tulidhani ni mambo ya paukwa pakawa. Siku nilipoishika ndege hii yenye tumbo la mashua, nilijua kwamba wazee wale walikuwa wanatusimulia walichokiona kwa macho yao.

Nilichokuwa sikijui siku hiyo ni kwamba zile herufi si pambo. Kila ndege ya kiraia ina usajili wake, kama gari lilivyo na namba: leo za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Y, za Uganda 5X. Herufi G ni ya Uingereza. Kwa hiyo G-ADVB haikuwa ndege ya kubuni. Ilikuwa ndege moja mahususi, yenye jina lake, iliyoruka kweli katika anga yetu na kupatwa na mkasa wake si mbali na kwetu. Mtengenezaji wa midoli aliichukua kama ilivyo, akaipunguza mpaka ikaenea mkononi mwa mtoto, akaiachia herufi zake.

Tangu hapo nimezifuata ndege za namna hii: zile za kusubu, na zile za kuunda kwa bolti na nati, zilizouzwa madukani Ulaya kati ya vita viwili vya dunia. Kadiri nilivyozifuata ndivyo zilivyonirudisha nyumbani. Zilitengenezwa kwa ajili ya watoto wa mbali, lakini nyingi kati ya zile za kiwanda cha mji wa Liverpool, Uingereza, ni picha ya ndege zilizopita juu ya vichwa vya babu na bibi zetu.

Mabati yenye matundu

Habari inaanza Liverpool, kwa karani mmoja aitwaye Frank Hornby. Mwaka 1901 Hornby alipata hataza ya kitu alichokuwa amekibuni kwa ajili ya wanawe: vipande virefu vya bati vilivyotobolewa matundu kwa nafasi iliyo sawa, nusu inchi kati ya tundu na tundu, pamoja na bolti, nati, ekseli na magurudumu. Hakuna gundi, hakuna kulehemu. Ukiwa na bisibisi na spana ndogo unaunda winchi, daraja au gari, ukichoka unafungua na kuunda kingine. Mwaka 1907 kitu hicho kikapata jina lililoenea duniani: Meccano. Mwaka 1914 kampuni ikahamia kiwanda kikubwa cha Binns Road, Liverpool, na kwa zaidi ya miaka 60 anwani hiyo ilijulikana kwa watoto kuliko anwani za wafalme.

Usafiri wa anga ulipowapanda watu vichwani, Meccano hawakubaki nyuma. Mwaka 1931 walitoa seti za pekee za kuundia ndege. Hizi hazikuwa vile vipande vyembamba vya kawaida. Zilikuwa na mabawa yaliyokwisha kukatwa kwa umbo lake, mapande ya bodi yaliyokunjwa, mkia, usukani, propela, magurudumu na hata kirubani cha kuketisha kwenye nafasi yake. Seti moja iliweza kuzaa ndege za aina nyingi: ya bawa moja, ya mabawa mawili yaliyopandana, ya kutua nchi kavu, ya kutua majini.

Aliyewahi kuunda moja anajua mafunzo yake. Unaanza na bodi, vipande viwili vya ubavu vinavyotazamana. Bolti unazitia zote lakini hukazi hata moja, kwa sababu ukikaza mapema, tundu la mwisho halitakubali kuonana na mwenzake. Unaweka mabawa, unapitisha nguzo za kuyashikilia, unatazama kwa jicho moja kama yako sawa kushoto na kulia. Ndipo unakaza, polepole, bolti moja huku na moja kule. Mtoto wa miaka kumi anakuwa amejifunza, bila mwalimu kumwambia, kwamba bawa halikai juu kwa matumaini. Linakaa kwa nguzo, kwa mzani na kwa subira.

Meccano hawakuwa peke yao. Kule Marekani, baada ya Charles Lindbergh kuvuka Atlantiki peke yake Mei 1927, kampuni ya Metalcraft ya mji wa St. Louis ilitoa seti ya mabati ya kuundia ndege yake, Spirit of St. Louis. Ujerumani, Märklin walitoa seti ya Junkers Ju 52, ile ndege ya injini tatu yenye ngozi ya bati la mikunjo kama paa la nyumba zetu. Kila taifa liliwapa watoto wake ndege ambayo lenyewe lilijivunia.

Uingereza ilijivunia njia. Mwaka ule ule wa 1931, tarehe 28 Februari, shirika la Imperial Airways lilianzisha safari ya kwanza ya ratiba kutoka Croydon, London, kuja Afrika Mashariki. Mwisho wa safari hiyo haukuwa Nairobi wala Dar es Salaam. Ulikuwa Mwanza. Abiria waliishia njiani, lakini barua zilisonga mbele, zikafuata Naili, zikapita Port Bell na Kisumu, na baada ya siku kama 10 zikafika kusini mwa Ziwa Victoria. Januari 1932 njia ikarefushwa hadi Cape Town.

Ndege iliyokusudiwa njia yetu

Njia hiyo ilikuwa na tatizo lake. Kutoka Kisumu kwenda kusini ardhi iko juu na jua ni kali. Hewa ya namna hiyo ni nyepesi, injini inavuta kidogo na bawa linashika kidogo. Ndege iliyoruka vizuri Ulaya ilihema kama mpanda mlima ilipofika nyanda za juu za Kenya na Tanganyika. Imperial Airways wakaagiza ndege ya kazi hiyo hasa, yenye injini nne ili moja ikizimika zilizobaki ziibebe. Ikaitwa Armstrong Whitworth Atalanta. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1932, bawa moja juu ya bodi, bila ule msitu wa waya na nguzo uliokuwa wa kawaida siku hizo. Zilijengwa nane tu.

Sasa rudi Liverpool. Mwaka 1934 kiwanda cha Binns Road kilianza kutumia jina la Dinky Toys kwa midoli yake midogo ya kusubu: metali inayeyushwa, inashindiliwa ndani ya kalibu la chuma, inatoka ikiwa na umbo kamili. Mwaka huo huo wakatoa seti ya kwanza ya ndege, sita katika boksi moja, namba 60. Ya kwanza kabisa katika orodha, namba 60a, iliandikwa kwa ufupi kuwa ni ndege ya abiria ya Imperial Airways. Ukiitazama huna haja ya kuuliza. Ni Atalanta, ile iliyokusudiwa njia ya kutoka Kisumu kwenda kusini.

Najiuliza mara nyingi ni watoto wangapi wa Manchester au Glasgow waliotembeza Atalanta ya namba 60a juu ya zulia bila kujua iliundwa kwa ajili ya mahali gani. Na sisi, ambao ndege ile iliundwa kwa ajili ya mahali petu, hatukuisikia kabisa. Mnamo tarehe 27 Julai 1938 moja ya zile nane, Amalthea, iliruka kutoka Kisumu na muda mfupi baadaye ikagonga mlima. Wote wanne waliokuwamo walifariki. Vita vya Pili vilipokwisha hakukuwa na Atalanta hata moja iliyobaki duniani. Iliyobaki ni ile ya mkononi.

Septemba ya mwaka 1936

Kuna ndege nyingine tatu za Binns Road ambazo siwezi kuzipita.

Ya kwanza ni de Havilland Comet ya mashindano, namba 60g, iliyotoka mwaka 1935: nyembamba, injini mbili, bawa la chini. Ndege halisi ndiyo iliyoshinda mashindano makubwa ya Oktoba 1934 kutoka Uingereza hadi Melbourne, Australia, kwa muda usiotimia siku tatu. Marubani walikuwa wawili, na mmoja wao, Tom Campbell Black, alikuwa mtu wa Nairobi. Ndiye aliyemsaidia Florence Kerr Wilson kuanzisha Wilson Airways mwaka 1929, shirika lililobeba barua na abiria kutoka Nairobi kwenda Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam. Jina la mama huyo bado liko kwenye Uwanja wa Wilson, Nairobi, ingawa wengi wanaopanda ndege pale hawajui Wilson alikuwa nani.

Ya pili na ya tatu ni ndege moja iliyotoka kwa sura mbili: Percival Gull. Ilikuwamo katika seti ya 1934, kisha mwaka 1936 ikatolewa upya kwa rangi ya buluu na fedha, toleo la ukumbusho wa Amy Johnson aliyeirusha kwenda Cape Town Mei mwaka huo. Ndugu mkubwa wa ndege hiyo, Vega Gull, ndiye aliyebeba historia nyingine. Usiku wa tarehe 4 Septemba 1936 mwanamke aliyekulia Njoro, Beryl Markham, aliondoka nayo Uingereza peke yake kuelekea magharibi, upepo ukimpiga usoni. Baada ya saa 21 hivi injini ilikosa mafuta akaangukia kwenye tope la Nova Scotia, Kanada, mzima, akiwa mwanamke wa kwanza kuivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwenda magharibi. Mwalimu wake wa urubani alikuwa Campbell Black.

Wiki mbili baadaye, tarehe 19 Septemba, Campbell Black alikuwa ameketi ndani ya ndege yake ndogo katika uwanja wa Speke, Liverpool. Ndege ya kijeshi iliyokuwa imetua ilimjia ikitembea chini na kumgonga. Alifariki. Siku mbili tu baada ya hapo, tarehe 21, katika mji ule ule, Frank Hornby naye akafariki. Rubani wa Nairobi aliyeirusha Comet, na bwana wa kiwanda kilichoipunguza ikaenea mfukoni mwa mtoto, waliondoka juma moja, mji mmoja. Hakuna anayejua kama waliwahi kukutana, lakini kazi zao zilikuwa zimekwisha kukutana mikononi mwa watoto.

Boti zenye mabawa

Nirudi sasa kwa G-ADVB.

Mwaka 1937 Imperial Airways waliacha kubadilishabadilisha ndege njiani. Walileta kitu kipya kabisa: ndege za majini za Short, zilizojengwa Rochester, ambazo majina yake yote yalianza na herufi C. Ya kwanza, Canopus, iliruka Julai 1936. Mabawa yake yalitanda mita 34 na ushee, injini nne, mwendo wa kilomita 265 kwa saa. Ndani mlikuwa na nafasi ya abiria 24 na ubaraza wa kusimama na kutazama nchi ikipita chini. Iliondoka Southampton, ikashuka Misri na Sudan kwa kufuata Naili, ikatua Port Bell, Kisumu, kisha Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, Msumbiji, mpaka Durban. Haikuhitaji uwanja. Palipokuwa na maji yaliyotulia, palikuwa na kiwanja chake.

Hicho ndicho wazee wetu walichokuwa wakisimulia. Jitu la rangi ya fedha linazunguka juu ya bandari, linashuka, tumbo linagusa maji na kuchana mfereji mweupe wa povu, kisha linakaa, linakuwa chombo kama vyombo vingine. Mashua zinalifuata kuchukua abiria na mifuko ya barua. Kwa mtu wa Lindi wa mwaka 1938, barua kutoka London iliyozoea kuja kwa meli kwa majuma sasa ilishuka kutoka mawinguni ndani ya siku chache.

Binns Road hawakukawia. Mwaka huo huo wa 1937 walitoa ndege hiyo kama Dinky Toys namba 60r. Na hapa ndipo ninapowavulia kofia. Wangeweza kutengeneza kalibu moja, kupiga herufi zile zile kwenye kila ndege na kuuza. Hawakufanya hivyo. Ndege ndogo zile zilitoka na usajili tofauti tofauti: Caledonia, Canopus, Cambria, Cordelia, Ceres, Clio na nyinginezo, kila moja na herufi za ndege halisi iliyokuwa kazini. Mtoto aliyefungua boksi hakupata ndege ya majini tu. Alipata ndege fulani, yenye jina, ambayo saa ile ile huenda ilikuwa inatia nanga Kisumu.

Mimi niliyeinunua mezani, bila boksi, nilipata G-ADVB. Jina lake ni Corsair.

Mto Dungu

Tarehe 14 Machi 1939 Corsair ilikuwa inarudi kaskazini kutoka Durban. Iliondoka Port Bell asubuhi kuelekea Juba. Rubani alikuwa Kapteni Alcock, mdogo wa yule John Alcock aliyeivuka Atlantiki bila kutua mwaka 1919. Chombo cha kuonyesha mwelekeo kwa redio kiliwapotosha. Muda ulipita, Juba haikuonekana, ukungu ulitanda na mafuta yakawa yanakwisha. Mwishowe waliona chini mto mwembamba unaopinda kwenye pori. Alcock akaishusha humo. Ndege ilikaa majini salama, kisha ikapanda juu ya mwamba uliojificha na tumbo likapasuka. Akaisukuma mpaka kwenye tope la ukingo isizame. Watu wote walitoka hai.

Walikuwa kwenye mto Dungu, karibu na Faradje, kaskazini-mashariki mwa Kongo iliyokuwa ya Wabelgiji, mbali sana na njia yao.

Ndege kama ile haikuwa kitu cha kutupwa. Mafundi walikuja kutoka Uingereza, wakalitoa tumbo kwenye tope, wakaliziba katikati ya mbu na joto. Julai wakajaribu kuirusha. Mto ulikuwa mfupi mno na wa kina kidogo. Ikagonga tena, ikapasuka tena. Wengine wangesema yametosha. Wao waliamua kwamba kama mto hauifai ndege, basi mto utafutiwa dawa. Ukajengwa ukuta wa kuzuia maji ili Dungu ijae na kutanuka. Barabara ikafyekwa porini kuleta vifaa. Kambi ikageuka kuwa kama kijiji, na watu wakakiita Corsairville. Septemba vita vikaanza Ulaya, na kila ndege ikawa na thamani maradufu. Tarehe 6 Januari 1940, karibu miezi kumi tangu ipotee, Corsair iliinuka kutoka ziwa lile la kutengenezwa, ikayapita matawi ya miti na kuondoka. Ilifanya kazi mpaka mwaka 1947 ilipovunjwavunjwa kuwa chuma chakavu, kama baadhi ya dada zake.

Nimelisoma tukio hili mara nyingi, na kila mara ninatafuta kitu kimoja. Jina la rubani lipo. La ndege lipo. La rubani wa pili aliyekuja kuitoa lipo. Lakini ukuta ule haukujengwa na marubani. Walioingia majini kubeba mawe, waliofyeka barabara, waliokata miti, walikuwa wenyeji wa Faradje na vijiji vya jirani. Bila mikono yao Corsair ingeozea pale pale. Ndege ikapewa herufi tano kwenye bawa. Wao, katika masimulizi yote niliyoyasoma, hawakupewa hata moja.

Kikulacho

Baada ya masika ya mwaka mmoja niliona ufa mwembamba kama unywele kwenye shina la bawa la kushoto la Corsair yangu. Sikuwa nimeiangusha. Ilikuwa imekaa kabatini. Miezi ikapita, ufa ukapata matawi, rangi ikaanza kuvimba na kuinuka kama ngozi iliyoungua, na bawa likaanza kuinama. Siku moja niliiinua kufuta vumbi na ncha ya bawa ikabaki mezani. Palipovunjika hapakuwa na mng'aro wa chuma. Palikuwa na unga wa kijivu.

Wanaokusanya ndege hizi wanalijua gonjwa hili na wanaliogopa. Midoli ya kusubu ilitengenezwa kwa zamaki, mchanganyiko wa zinki na aluminiamu kidogo, shaba na magnesi. Zinki ikiwa safi, chombo hudumu. Lakini kabla ya vita viwanda havikuwa waangalifu sana: chembe ya risasi iliyoingia kwenye sufuria ya kuyeyushia ilitosha. Risasi hiyo hukaa kati ya punje za zinki, unyevu unapenya, metali inavimba kutoka ndani na kujipasua. Kikulacho ki nguoni mwako. Joto na unyevunyevu huharakisha, na pwani yetu ina vyote viwili kwa wingi. Dawa hakuna. Unachoweza ni kuiweka mahali pakavu, penye baridi, na kuiombea.

Wakusanyaji huuita ugonjwa huu uchovu wa metali, ingawa kwa mhandisi neno hilo lina maana nyingine: chuma kinachopinda na kurudi mara maelfu mpaka kinachanika. Na uchovu huo wa kweli nao una ukumbusho wake katika midoli. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria kwa ratiba iliondoka London kwenda Johannesburg, na kituo chake kimojawapo kilikuwa Entebbe. Ilikuwa Comet, jina lile lile la ndege ya Campbell Black. Uganda ilikuwa kwenye njia hiyo tangu safari ya kwanza kabisa. Miaka miwili baadaye, Januari na Aprili 1954, Comet mbili zilivunjika angani juu ya Mediterania. Uchunguzi ulionyesha kwamba ngozi ya bodi ilichoka kwa kujazwa na kupunguzwa hewa, safari baada ya safari, ikachanika kuanzia kwenye kona za matundu yake. Mwaka huo huo wa 1954 Dinky Toys ilitoa Comet ndogo ya kusubu. Wakati huo zinki ilikuwa safi. Comet zile ndogo zipo hadi leo, imara, bila ufa. East African Airways nayo ilipokea Comet zake mwaka 1960, za aina mpya iliyoimarishwa.

Enzi ya kusubu ilikuwa inaelekea ukingoni. Plastiki ilikuwa imekwisha kuingia. Mwaka 1936 kampuni ya Frog ilitoa vipande vya kuunganisha vya kipimo cha moja kwa 72, ambapo mtu wa futi sita anakuwa wa inchi moja, na mwaka 1953 Airfix ikaanza kuuza Spitfire ya plastiki kwa bei ambayo mtoto aliweza kuitoa mfukoni mwake. Novemba 1979 kiwanda cha Binns Road kilifungwa.

Kisichokuwemo boksini

Watoto wa kwetu hawakuuziwa seti ya mwaka 1931. Ndege yetu ilitoka kwenye bua. Unatafuta bua lililokauka la mhindi au mtama, unalimenya, ganda unalitenga na moyo wake mweupe. Moyo unakuwa bodi, vipande vya ganda vinakuwa pini. Bawa ni bua jingine lililolazwa. Propela ni jani gumu lililotobolewa katikati kwa mwiba. Unakimbia nalo dhidi ya upepo, na likizunguka, wewe ni rubani. Hakuna kalibu, hakuna namba, na baada ya siku mbili tatu bua limeshavunjika na mbuzi amelila.

Sisemi hivi kwa kuwaonea wivu watoto wa Liverpool. Nasema kwa sababu nimegundua tofauti iliyo kubwa kuliko ya bua na bati. Wao walinakili kwa uaminifu, kwa namba na jina, na kwa sababu hiyo mtu aliyezaliwa mbali nao, baada ya miaka mingi, aliweza kusoma herufi tano kwenye bawa na kuufikia mto Dungu. Hakuna ndege hata moja ya herufi C iliyobaki nzima duniani. Zilijengwa 42 na zote zimekwisha. Ushahidi uliobaki ni picha, karatasi, na midoli inayopasuka kabatini. Sisi tuliziona ndege zenyewe, kwa macho, katika bandari zetu, na hatukuandika.

Muda bado upo, lakini ni mdogo. Ndege za majini ziliendelea kuonekana katika maziwa yetu mpaka mwaka 1950. Mtoto aliyekuwa na miaka saba wakati huo leo amevuka 80. Yupo Kisumu, yupo Port Bell, yupo Lindi, na pengine yuko Faradje mjukuu wa mtu aliyebeba jiwe la ule ukuta, akijua jina la babu yake na kazi aliyoifanya. Mtu wa namna hiyo akisimulia, tusicheke kama nilivyocheka mimi. Tuchukue kalamu. Tumuulize ndege ilitua upande gani wa bandari, nani alipiga kasia kuipokea, mashua ilikuwa ya nani, mzigo ulishuka gati gani. Tuandike majina, yote, kwa uaminifu ule ule ambao watu wa Binns Road waliuweka kwenye kidude cha kuchezea.

Ncha ya bawa iliyokatika nimeifunga kwenye kitambaa, kando ya ndege yenyewe. Sikuiunga kwa gundi. Herufi zilizobaki bawani bado zinasomeka, nami nimezinakili, pamoja na jina la ndege, la mto na la mji, kwenye karatasi niliyoiweka chini yake. Mstari wa mwisho wa karatasi hiyo nimeuacha wazi. Ni wa majina ya watu wa Faradje.